Volti 12 hazirushi, zinaunguza

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi niseme na watu wa Tanga kuhusu betri kubwa: za gari, za sola, na zile wanazoshuka nazo baharini wavuvi wa dagaa kwa ajili ya taa. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Ngamiani. Kila ninapomwambia mtu afunike vichwa vya betri yake, zile ncha mbili za chanya na hasi zinapofungwa waya, kabla ya kuipakia, jibu ni lile lile: "Fundi, hii volti 12 tu, haina neno."

Kweli, hairushi. Shika chanya kwa mkono huu na hasi kwa mkono wa pili, husikii kitu, maana ngozi kavu ina ukinzani wa maelfu ya omu na volti 12 haziwezi kusukuma umeme wa maana humo. Basi watu wanaidharau. Lakini spana si ngozi. Ukinzani wake ni kama haupo, na ule wa ndani ya betri nzima ya gari ni sehemu chache tu za elfu za omu moja. Gawanya 12 kwa namba hiyo uone mwenyewe: spana ikilala juu ya vichwa vyote viwili, zinaweza kupita ampea zaidi ya 1,000. Plagi ya pasi yako nyumbani ina fyuzi ya ampea 13. Stata ya gari dogo, ambayo ndiyo kazi nzito kuliko zote za betri ile, huvuta mia moja au mia mbili hivi, tena kwa sekunde chache.

Na joto haliongezeki sawa na ampea. Ampea zikizidi mara 10, joto katika waya ule ule linazidi mara 100. Ndiyo maana spana huwa nyekundu kabla hujapata akili ya kuivuta, au hunasa pale pale kama iliyochomelewa. Risasi ya kichwa cha betri inayeyuka na kuruka, na asidi ndani inaweza kuchemka mpaka boksi lipasuke. Pete ndiyo mbaya zaidi. Dhahabu na fedha hupitisha umeme vizuri kuliko chuma cha spana, na pete ikibanwa kati ya spana na bodi ya gari inaunguza kidole mzunguko mzima. Vijana wangu waliooa karibuni hucheka nikiwaambia wavue pete wakiingia kazini. Wake zao wakiuliza, waje kwangu.

Umeme wa TANESCO una swichi ya kuuzima. Betri haizimwi. Hata ile unayoiita imekufa kwa sababu haiwashi gari, bado inaweza kuwa na volti 11 na ushei, na umeme wa kutosha kuwasha moto. Wanunuzi wa vyuma chakavu huzirundika kwenye guta, juu yake nondo na mabati. Cha kushangaza, mtu huyo huyo akiishusha betri nyumbani anaiwekea ubao chini, eti sakafu ya saruji itainyonya chaji. Hilo lilikuwa na ukweli zamani, boksi za betri zilipokuwa za mbao au mpira uliovuja. Boksi la plastiki la leo halinyonywi na saruji. Ubao umewekwa kwa uangalifu, na koleo limesahauliwa juu ya betri.

Wanaofungua betri za gari wenyewe waanze na waya wa hasi, na wakirudisha, hasi iwe ya mwisho. Gari zetu nyingi hasi imeungwa kwenye bodi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeshaunganisha njia yote. Hasi ikiwa imetoka, spana ikigusa bodi haina neno, mradi isilale juu ya vichwa vyote viwili.

Sasa sola. Umeme ukikatika mara kwa mara, mwenye uwezo ananunua paneli, inveta na betri mbili au nne, na fundi anazifunga sebuleni jioni moja. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, yaani uniti moja ya LUKU na zaidi kidogo, na inaweza kutoa sehemu kubwa ya hiyo kwa dakika chache ikipigwa shoti. Nimeona kazi nyingi ambazo waya mnene umetoka betri hadi inveta bila fyuzi yoyote njiani. Panya akila ganda, au msumari wa fremu ya picha ukapita pasipo, hakuna cha kukata. Waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, na uko ndani ya ukuta au nyuma ya kochi. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, maana waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi.

Tena fyuzi au swichi hiyo iwe iliyotengenezwa kwa umeme wa betri, si wa ukutani. Umeme wa ukutani hugeuka na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ya swichi inapata nafasi ya kufa. Wa betri haupiti sifuri kamwe, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi hiyo hiyo mpaka plastiki iyeyuke. Mteja akimuuliza fundi swali moja tu, kama fyuzi na swichi zake ni za umeme wa betri, atajua kama amepata fundi.

Betri za lithiamu ni nyepesi na zinadumu, sizipingi, lakini zile zinazoungwaungwa kutoka seli za kompyuta kuukuu bila saketi ya ulinzi zisilale ndani ya nyumba wanamolala watu.

Za asidi nazo zikichajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hii haina rangi wala harufu, hupanda juu ikakaa chini ya dari, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Kwa hiyo chaja izimwe kwanza kabla ya kuchomoa vibanio, chumba kiwe na dirisha, na ule mtindo wa kuwasha kiberiti usiku kuchungulia kama maji ya betri yamepungua uachwe kabisa. Asidi ikiruka machoni, maji safi mengi, dakika 20 bila kusimama, ndipo hospitali. Magadi ni ya kumwagia asidi iliyomwagika sakafuni, si machoni.

Kwa wavuvi wetu wa Sahare, Tongoni na Kigombe kuna jambo jingine. Betri inawekwa chini kabisa chomboni ili isianguke, karibu na nanga na mnyororo, na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo, yanacheza pembeni yake. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri ya asidi hutoa klorini, gesi inayobana kifua, na usiku katikati ya maji huna pa kuikimbilia. Betri ikae kwenye kreti ya plastiki yenye mfuniko, juu ya ngama, imefungwa kamba, vyuma mbali.

Na mabasi. Ndege haikubali betri ya akiba ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kwenye mizigo ya abiria, na betri ya asidi ya gari haipandi kabisa na begi lako. Basi la Pangani linapokea mbili, tatu, vichwa wazi, zimesukumwa chini ya kiti pamoja na ndoo ya bati na panga la mtu. Sisemi zikatazwe, watu wana kazi zao. Nasema kondakta asipokee betri ambayo vichwa havijafunikwa, hata kama ni kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ambao Tanga haujawahi kuadimika.

Betri mpya nyingi huja na vifuniko vidogo vya plastiki juu ya vichwa. Madukani vinatolewa wakati wa kufunga na kutupwa. Wauzaji wa betri wa hapa mjini, namwomba kila mmoja wenu ampe mteja vile vifuniko aende navyo nyumbani.

Fundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga