Dadu nyekundu ya Akinyi

Ndugu yangu Barasa,

Salamu nyingi kutoka huku Kisumu. Sisi tu wazima, mama naye mzima, anauliza kama Nakuru wanakulisha au umebaki mifupa. Shiku anauliza sufuria yake. Najua nimenyamaza muda mrefu tangu uhame, na nilikuwa nimepanga kukuandikia mambo ya kazi na ile nyumba, lakini hayo yatangoja. Nina shida ya mezani, ya mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, na katika watu wote ninaowajua ni wewe utakayeielewa bila kuelezwa mara mbili.

Ni Akinyi. Tangu Jumamosi hajibu meseji zangu.

Unakumbuka siku uliyonikabidhi mchezo niuendeshe mimi, ulimwachia ile dadu yako nyekundu ya pande 12? Basi alipokuwa anamtengeneza mchawi wake, alipekua orodha ya speli, yaani uchawi anaoweza kuutumia, akitafuta itakayotumia dadu hiyo. Akaipata Witch Bolt. Radi inatoka mkononi, inamshika adui, inamchoma zamu baada ya zamu, na kila zamu unarusha d12, yaani dadu ya pande 12, kuona umemuumiza pointi ngapi. Nilikuwa nimeketi hapo hapo kando yake. Nilijua kasoro za hiyo speli na sikusema neno, nikihofia kumharibia raha. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi tulikuwa kwa Shiku, Migosi. Mvua ilitoka ziwani na ngurumo zake zote, mabati yakapiga kelele hata kuongea ilibidi tupaze sauti, stima ikapotea, tukaendelea kwa tochi ya simu tuliyoiegemeza kwenye glasi ya maji. Radi nje, radi mezani. Akinyi akamlenga mkubwa wa magoblini, vile vijizimwi, akampata, akarusha ile dadu nyekundu: 11! Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Zamu ya goblini ikafika. Na mimi, Barasa, nikafuata kanuni ilivyoandikwa. Masafa ya Witch Bolt ni futi 30, goblini akasogea futi zake 30 kwenda nyuma, akatoka nje ya masafa, speli ikakatika. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kutoa speli siku hiyo. Akinyi aliichukua dadu, akaipangusa kwa upindo wa leso, akaitia kwenye kimfuko chake na kukaza uzi. Hakuitoa tena mpaka tukatawanyika.

Usiku nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Wastani wa d12 ni 6.5. Ili upate hizo 6.5 unatoa nafasi ya speli, na hizo zina hesabu kwa siku, unatoa umakini wako, usiweze kushikilia speli nyingine ya aina hiyo, na kila zamu unatoa kitendo chako kimoja. Fire Bolt ni kantripu, uchawi mdogo usio na gharama, inafika futi 120, inarushiwa dadu ya pande 10, na wastani wake ni 5.5. Pointi moja tu tofauti! Tukifika leveli ya 5 Fire Bolt inakuwa 2d10, dadu mbili za pande 10, inaipita kabisa. Magic Missile ni mishale mitatu, kila mmoja dadu ya pande 4 ukiongeza moja, jumla wastani 10.5, haikosi, kisha uko huru. Na hata ukiitoa Witch Bolt kwa nafasi ya leveli ya juu, linalokua ni pigo la kwanza peke yake. Nakubali kwamba mapigo yanayofuata hayakosi. Lakini adui gani atasimama kungoja?

Brayo anaona jambo ni jepesi. Jumamosi hii tunapanda leveli ya 4, na kanuni inamruhusu mchawi wa aina ya Akinyi abadilishe speli moja anapopanda, basi aitupe, achukue nyingine. Brayo mchawi wake ni wa kitabu. Akichagua vibaya, ananakili nyingine kitabuni kwa dhahabu 50 na saa mbili kwa kila leveli ya speli, maisha yanaendelea. Akinyi ana speli nne tu kichwani. Chaguo moja baya ni robo ya uchawi wake wote.

Halafu kuna Sleep, speli yake ya kulaza maadui. Ukiniuliza, hiyo ndiyo inayostahili kustaafu. Leveli ya kwanza ilituokoa, unakumbuka pale darajani, 5d8, dadu tano za pande 8, ni kama pointi 22 za uhai unazoweza kulaza, magoblini watatu wa pointi 7 walilala chali. Sasa tunakutana na zimwi la pointi 59, nani atalilaza? Sleep haikuwa mbaya, imepitwa na wakati, na Akinyi mwenyewe hataililia. Ila ana badiliko moja. Akiondoa Sleep, Witch Bolt inabaki inamchoma roho. Akiondoa Witch Bolt, dadu yako inabaki mfukoni. (True Strike, kantripu yake nyingine, siihesabu. Kupoteza zamu nzima ili zamu ijayo urushe dadu mbili za pande 20 uchukue kubwa, wakati ungeweza kupiga mara mbili tu! Kile kitabu cha nyongeza cha 2020 kinamruhusu kubadilisha kantripu akifika leveli ya 4, nami nitamruhusu, hatutabishana.)

Narudi pale pale. Akinyi hakuichagua Witch Bolt kwa ajili ya pointi. Aliichagua ili amshike jitu kwa radi huku dadu uliyompa inazunguka mezani. Nikimpa Magic Missile nitakuwa nimemwongezea pointi nne na kumnyang'anya dadu.

Kwa hivyo nimefikiria hivi. Kitabu kipya cha kanuni cha 2024 kimeirekebisha speli yenyewe: masafa futi 60, pigo la kwanza 2d12, na mapigo yanayofuata yanatolewa kwa kitendo cha ziada, kwa hiyo kitendo chake kikuu kinabaki chake. Nataka kuileta hiyo moja mezani, ingawa mengine yote tunacheza kwa kanuni za 2014. Abadilishe Sleep, abaki na radi yake, na goblini akirudi nyuma futi 30 ajikute bado ameshikwa. Brayo amekataa. Anasema nikifungua mlango kwa mmoja, kila mtu ataleta lake, na anakutaja wewe, eti usingekubali. Nami nakumbuka ulivyokuwa ukisema kanuni ni ya wote. Lakini Brayo hakuuona uso wa Akinyi, alikuwa anatafuta kiberiti.

Niambie ukweli. Ungekuwa umeketi kiti changu, ungemwacha yule goblini asogee? Je, ni haki speli moja itoke kitabu kipya, au niwaruhusu wote walete moja moja, kila mtu aseme aliichagua kwa nini? Nimwambie Akinyi kabla ya Jumamosi, au nimwachie aone mezani? Na wewe ukimpigia simu, atashika? Nadhani kwako atashika.

Na utakuja lini? Tunaanza saa nane, kwa Shiku. Beba sufuria.

Wako,
Odhis