Risala ya kikundi cha kina mama na vijana kwa Mwakilishi wa Wadi, Bahati, Nakuru

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, mgeni wetu wa heshima. Chifu wetu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, mabibi na mabwana, hamjambo.

Mheshimiwa, karibu, ingawa kumkaribisha mtu nyumbani kwake ni kazi ngumu kidogo.

Sisi hushona sare na mapazia, na cheti cha AGPO, ule mpango wa kutupa nafasi katika manunuzi ya serikali, tunacho. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya serikali, na kwa hilo tunashukuru. Taabu huanza mzigo ukishafika. Taasisi moja ya umma ilipokea mapazia yetu, ikayakagua, ikatia sahihi na muhuri. Ankara ndiyo ikalala. Kila tukiulizia tunaambiwa, "Mama, pesa bado hazijaingia."

Wakati huohuo tunalipia ploti ya kujenga karakana, mdogomdogo, kila mwezi. Mwenye shamba hajali kama pesa zimeingia au hazijaingia. Tarehe tano kwake ni tarehe tano. Ununuzi wenyewe tuliufanya kwa utaratibu: sachi katika ofisi ya ardhi kujua mwenye shamba ni nani hasa, kisha mkataba wa maandishi wenye sahihi za pande zote na mashahidi, maana bila huo mahakama haisikilizi kesi ya mauzo ya ardhi. Kwa kuwa ni shamba la kilimo, tuliomba pia ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kabla ya miezi 6 kupita. Lakini mkataba unasema ukikosa awamu mbili, muuzaji ana haki ya kuuvunja. Ni kweli Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mnunuzi kuomba nafuu mahakamani, ila wakili naye hulipwa. Tuliokolewa na pesa za kuzungushiana, zile tunazochanga na kupeana kwa zamu, na kuna mama ambaye zamu yake ilisogezwa kwa ajili hiyo.

Mheshimiwa, sheria hiyo ya 2015 inakataza ofisi kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha pesa zimetengwa. Basi za mapazia zilikwenda wapi? Sheria inatoa pia riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini nani ataidai, na kesho anataka tenda nyingine palepale?

Tunaomba ulipeleke bunge la kaunti ombi hili: orodha ya madeni isomwe hadharani, na vikundi vidogo vilipwe kwanza. Tena tunaomba maafisa wa ununuzi waje wadini kufundisha. Wengi wakipata barua ya ushindi wa tenda hukimbilia kukopa vitambaa, ilhali barua hiyo si mkataba. Mkataba huwa mkataba ukishatiwa sahihi, na hautiwi kabla ya siku 14 kupita, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kukata rufaa.

Nakala ya ankara yetu tumeiambatisha hapa, Mheshimiwa. Tafadhali ondoka nayo.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.