Ya nini kufukuzana wakati namba ya gari imeonekana?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuwaandikia hata mara moja, hata mlipokosea jina la shule niliyofundisha. Safari hii, habari yenu ya yule dereva wa gari aina ya Noah aliyevunjika miguu baada ya kugonga mti akiwakimbia askari wa usalama barabarani imenishinda kuinyamazia. Mmetupa aina ya gari, mmetupa namba zake zote, mmetupa na maelezo kwamba chanzo ni mwendo kasi. Ikiwa namba ilijulikana hadi mwandishi wenu akainakili, mbona hakuuliza gari hilo lilikuwa likifukuzwa kwa sababu gani?

Simtetei dereva. Aliyesimamishwa akakataa kusimama amevunja sheria, na kama alikuwa na abiria, roho zao hazikuwa zake za kuzichezea.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa ndani ya gari la namna hiyo. Tulikuwa watu kumi na wawili katika Noah yenye viti vinane, tukienda mazishini, na tulikuwa tukikaribia mji mdogo ambao sitautaja kwa kuwa bado nanunua mkaa huko. Magari yaliyotoka mbele yalituwashia taa, ishara ambayo kila dereva wa nchi hii anaielewa: mbele kuna askari. Dereva wetu, badala ya kupunguza mwendo, akauliza, "Jamani, huyu nimsimamie?" Nusu ya gari ikajibu, "Pita, tumechelewa!" Mimi, mwalimu wa Uraia, nilitazama dirishani. Askari alipoona tumempita akadandia bodaboda iliyokuwa pembeni, yeye na aliyembeba wote bila kofia ngumu, wakaanza kutufukuza. Dereva akachepuka kwenye njia ya vumbi, akakata katikati ya uwanja wa shule ya msingi watoto wakiwa mapumziko, na mpaka leo sielewi ilikuwaje asiguswe hata mmoja. Kisha tairi la mbele likatumbukia mtaroni na gari likalala ubavu. Dereva akatokea dirishani, akatimua mbio. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Kosa tulilofukuziwa, yaani kuzidisha abiria, faini yake ilikuwa shilingi 30,000. Bega lilinigharimu zaidi ya mara kumi ya hizo, na kila masika linanidai riba.

Hapo sijagusa habari ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nikiwa nimeupakata mkono wangu kama mtoto mchanga, mhudumu wa mapokezi aliniambia kwamba sitatibiwa bila fomu hiyo, na fomu ilikuwa kituoni, kwa askari walewale, ambao walitaka kwanza niwaeleze kwa nini nilikuwa miongoni mwa waliotoroka. Tunaambiwa kwamba majeruhi ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Nasubiri siku ambayo watu wa mapokezi nao wataambiwa. Mwandishi wenu angemuuliza yule dereva wa habari yenu aliipataje PF3 kutoka kwa watu aliowakimbia. Hiyo ndiyo habari ambayo ningeinunulia gazeti.

Jambazi mwenye silaha afukuzwe, na aliyegonga mtu akakimbia afukuzwe. Lakini kwa bima iliyokwisha muda au taa ya nyuma isiyowaka? Gari limesajiliwa, mwenyewe anajulikana Mamlaka ya Mapato (TRA), na deni la faini huingizwa katika mfumo wa polisi kwa namba ya gari, ambapo hata mimi, kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, naweza kulisoma nikiwa kitandani. Kwa hiyo napendekeza kila askari wa barabarani apewe kaunta buku moja na penseli mbili, penseli kwa sababu wino huvuruga maandishi mvua ikinyesha. Gari likimpita, aandike namba, saa na kosa, kisha arudi chini ya mwembe wake. Nitaambiwa kwamba zipo namba za bandia. Zipo, lakini hata gari lenye namba ya bandia halina haki ya kuswagwa hadi uwanjani mwa shule.

Kaunta buku ya kwanza nimekwisha kuinunua. Nijulisheni kama niilete ofisini kwenu au niipeleke moja kwa moja chini ya mwembe.

Mwalimu mstaafu,
Kibaha, Pwani.