KIA ni uwanja wetu sote, mbona dala zinaishia njia panda?

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako niongelee uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yaani KIA, maana kelele ni zilezile kila siku, mara uwanja mdogo wa Kisongo urefushwe ili ndege kubwa zitue Arusha mjini, mara watu wa Moshi nao wanadai uwanja wao wa pale mjini umesahaulika, ila mwananchi wa Usa River au Bomang'ombe anayeenda kumpokea ndugu yake usiku wala hakuna anayemuongelea.

Vijana wengi hawajui kwamba KIA iliwekwa pale katikati ya Moshi na Arusha makusudi kabisa. Ulifunguliwa Desemba 1971 kwa mkopo wa Waitaliano, enzi hizo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha na watalii wa Serengeti na Ngorongoro wengi wao walikuwa wanashukia Nairobi halafu wanaletwa na magari kupitia mpaka wa Namanga, hela nyingi inabaki kulekule. Ndo ikajengwa njia ya kurukia ndege ya karibu kilomita 3.6, ndege kubwa za jumbo zinatua bila wasiwasi. Sasa 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika lake la ndege, East African Airways, likafa, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, ungedhani hapo KIA ndo ingenenepa lakini wapi! Watalii wenyewe walipungua, uwanja ukabaki mkubwa kuliko kazi yake.

1998 ukakabidhiwa kampuni ya KADCO iuendeshe, ndani yake wakiwemo Waingereza wa Mott MacDonald. 2009 serikali ikazinunua hisa zote lakini kampuni ikaendelea tu kuendesha, Bunge likaja kuhoji sana, hadi mwishoni mwa 2023 ndo TAA, mamlaka ya viwanja vya ndege, wakapewa uwanja wao. Katikati hapo Waholanzi walisaidia ukarabati, jengo la abiria likawa la watu milioni 1.2 kwa mwaka, na hilo sibezi hata kidogo, anayekumbuka lile la zamani lilivyokuwa linabanana ndege mbili zikifika pamoja atanielewa.

Hao wanaotaka Kisongo iwe ndo KIA mpya nawakumbusha Desemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian ilikuwa inakuja KIA ikatua Kisongo, lami yake wakati huo kilomita 1.6 tu, ikaishia kwenye nyasi, abiria wakakaa ndani masaa kadhaa maana hata ngazi ya kufika mlango wa ndege ya ukubwa ule haikuwepo pale. Mungu saidia hakuna aliyeumia. Kisongo ni uwanja mzuri wa ndege ndogo za Seronera kule Serengeti na Zanzibar, uachwe na kazi yake.

Shida ya KIA sio ndege, ni barabara. Kosta za Arusha na Moshi zinapita pale njia panda siku nzima, zinakushusha, halafu kutoka hapo mpaka jengoni ni kama kilomita sita, utapanda boda na begi mapajani au ukodi taksi kwa bei ya kitalii wakati wewe umetoka Dar kwenye msiba. Na ndege nyingi za kimataifa zinaingia jioni na usiku, hapo hata hiyo kosta huioni tena. Wafanyakazi wenyewe wa pale, wasafishaji, wapakia mizigo, wauza chai, wanahangaika hivyohivyo, na wanavijiji wa jirani waliovutana na uwanja kuhusu mipaka miaka na miaka sijui wamefaidika na nini zaidi ya kusikiliza ndege zinapita juu ya mabati yao.

AFCON 2027 hiyo inakuja, uwanja wa mpira unajengwa Arusha, mashabiki watashukia hapohapo KIA na sio wote wenye pesa za kukodi. Kwa hiyo ombi langu kwa LATRA, wanaotoa leseni za mabasi, na TAA sio kubwa, halihitaji mkopo wa Waitaliano wala nani: toeni leseni ya ruti ya Arusha–KIA na Moshi–KIA, gari ziingie mpaka mlangoni, wekeni kituo chenye taa na kibao cha nauli, na ratiba ifuate ndege za usiku. Wakianza hata na gari mbili kila upande tutashukuru, wenye taksi wataendelea kupata wateja wao wa hotelini kama kawaida.

Msomaji wako,
Bomang'ombe, Hai