Taarifa ya mwenyekiti: ile chipu ya macho na hela yetu ya nauli

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, wanachama wenzangu wa chama chetu cha wasioona, wa Mtwara mjini, Masasi, Newala na nyie wa Lindi mliojiunga juzijuzi. Mwenye macho awasomee wenzie, na mimi nitawarekodia sauti niitume kwenye grupu.

Michango ilichelewa mpaka hela ya korosho ilipoingia, hilo tushalizoea.

Kilichonichosha mwaka huu ni simu, kila mtu ananiuliza, mwenyekiti, eti ni kweli wazungu wana kidubwasha kinawekwa jichoni kipofu anaona? Ni kweli, ila sikilizeni mpaka mwisho. Kipya kinaitwa PRIMA, alikibuni Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, ni chipu ya milimita 2 kwa 2 inapachikwa chini ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, halafu unavaa miwani yenye kamera inayorusha picha kwa mwanga usioonekana na chipu inaugeuza umeme unaoamsha seli zilizobaki hai. Majibu ya majaribio yalitoka Oktoba 2025, waliwekewa watu 38 huko Ulaya, na kati ya 32 waliofuatiliwa mwaka mzima 27 walisema nyumbani wanaitumia kusoma namba au maneno. Wazee kabisa hao, retina imechakaa katikati, na walifanya mazoezi miezi mingi, sio unatoka tiyeta unaona minazi.

Sasa sisi hapa wengi macho yaliharibiwa na vikope, yaani kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho, na chipu haiondoi kovu. Wengine ni presha ya macho iliyoua mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo, hapo chipu haina pa kushika. Ni sawa na kubadilisha balbu wakati waya umekatika njiani.

Halafu kuna Argus II, kifaa cha jichoni kilichoitangulia PRIMA. Marekani waliiruhusu 2013, dola kama laki moja na nusu, watu zaidi ya 300 wakawekewa, mwaka 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza, na ikiharibika fundi hakuna. Mtu ana chuma jichoni na hana wa kumpigia!

Nayasema haya kwa sababu kuna kijana alipita kwa wanachama wawili anachukua elfu hamsini hamsini za "kuandikisha chipu", tumemripoti, hela haijarudi. Hakuna orodha ya chipu hapa, msimpe mtu.

Hela yetu tuliitumia kulipia nauli za kwenda kupima macho. Saba walienda, watatu wakakutwa na mtoto wa jicho, kitu cha upasuaji mfupi tu, na mmoja wao ni yule bibi wetu wa Newala aliyekaa gizani miaka sita akijua ndo basi tena. Siku wanamfungua bandeji akamwangalia mjukuu wake akasema kumbe we mweusi hivi, watu wakacheka wodi nzima.

Kwa hiyo mwakani naomba nauli iongezwe, na ambaye hajawahi kupimwa aniletee jina kabla msimu wa kupiga mikorosho salfa haujaanza. Hesabu atasoma mweka hazina, mimi koo limekauka.