Laptopu imekufa ila diski nzima? Itie kwenye kesi, ila usiishie hapo

Wateja wengi wanaotuletea laptopu iliyokufa hapa Mwanjelwa, Mbeya, wanakuja na swali moja tu, fundi inapona haiponi, na tukishawaambia mazabodi (ubao mkuu wa mashine) imeungua na kuitengeneza ni hela inayokaribia kununua nyingine basi wanaiacha hapo hapo, eti tuitupe au tubaki nayo kwa spea. Boss subiri kwanza. Mazabodi ikifa haimaanishi diski nayo imekufa. Picha za watoto, ripoti za shule, mahesabu ya duka, vyote viko kwenye diski na mara nyingi iko poa kabisa, tunafungua skrubu tunaitoa, tunaitia kwenye kesi yenye waya wa USB, unachomeka kwenye mashine nyingine yoyote na vitu vyako hivi hapa.

Kesi yenyewe ni kidude cha plastiki au alumini, ndani kina kasakiti kadogo kanakounganisha mdomo wa diski (SATA) na USB. Bei kwetu ya kesi ya kawaida ni kati ya elfu 15 na elfu 25, kwa hiyo badala ya kununua eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) mpya unakuwa umeshapata ya kwako kutoka kwenye laptopu uliyotaka kuitupa. Na ina faida moja watu hawaijui: poti ya USB ikilegea, maana zinalegea sana hasa zile unazochomoa kwa kuvuta waya, unabadilisha kesi tu maisha yanaendelea. Kuna eksteno za kiwandani, zikiwemo My Passport nyingi za kampuni ya WD, ambazo poti ya USB imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski, hakuna SATA humo ndani, sasa hiyo poti ikivunjika ndo ujue kazi imekuwa ya kuchomelea na siyo ya kubadilisha kesi.

Kabla hujanunua njoo na diski yenyewe mkononi, tunasema hivi kwa sababu kila wiki kuna mtu kaagiza mtandaoni kesi isiyoingiliana. Diski ya laptopu ni inchi 2.5, inakula umeme wa USB peke yake. Ya desktopu ni inchi 3.5 na hiyo lazima kesi yake iwe na adapta ya ukutani ya volti 12, ukiambiwa kuna kesi ya inchi 3.5 isiyohitaji umeme wa pembeni achana nayo. Laptopu za kizamani sana, za miaka ya 2005 kurudi nyuma, nyingi zina mdomo wa IDE wenye pini kibao, kesi ya SATA haikubali. Halafu laptopu za sa hivi zina kale kabao kembamba ka M.2, ndo diski yenyewe, na hako nako kako ka aina mbili, SATA na NVMe, ukiangalia haraka haraka vinafanana, ila kesi ya NVMe haisomi ya SATA isipokuwa ile iliyotengenezwa kusoma zote mbili. Na kuna laptopu za bei rahisi pamoja na MacBook za karibuni ambazo hakuna cha kuchomoa, chipu za kuhifadhia zimechomelewa kwenye mazabodi, hapo kesi haisaidii kitu.

Spidi sitaongea sana. Chukua kesi ya USB 3.0, basi. Ya USB 2.0 inakwenda kama megabaiti 30 mpaka 40 kwa sekunde wakati diski ya kawaida ya kuzunguka inaweza kufika 100 au zaidi, kwa hiyo unaibania diski yako bure.

Sasa umechomeka, Windows inakuletea ujumbe kwamba diski inatakiwa ifomatiwe kwanza ndo itumike. USIBONYEZE. Jamani usibonyeze. Ujumbe huo unaweza kuja kwa sababu ndogo tu, mpangilio wa mafaili umeharibika kidogo au diski imetoka kwenye Mac, na data bado zimo. Ukikuta inakuomba namba ya tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, laptopu nyingi za Windows 10 na 11 zinajifunga zenyewe mwenyewe hata hujui, namba hiyo mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia na ile imeili uliyosajilia mashine. Bila hiyo namba hakuna fundi Mbeya wala Dar atakayekufungulia, anayekuambia anaweza anataka hela yako tu.

Na kama diski inagonga, ile ka-ka-ka-ka, chomoa. Usijaribu mara kumi, usiitie kwenye friji kama wanavyodanganyana mitandaoni, usiifungue kifuniko uone ndani kuna nini. Ila kabla hujalia jaribu poti nyingine na waya mfupi, kwa sababu poti za mbele za desktopu na zile nyaya ndefu za bei chee zinatoa umeme hafifu, USB 2.0 kisheria inatoa miliampea 500 tu na diski ikianza kuzunguka inataka zaidi ya hapo, kwa hiyo inaweza kugonga kwa njaa ya umeme na siyo ugonjwa. Jaribu poti ya nyuma ya desktopu au ya USB 3.0 ambayo inatoa 900, ikitulia basi umepona.

Haya, hapa ndo tunapogombana na wateja.

Mtu akishapata eksteno yake anafurahi, anarudi nyumbani, laptopu mpya imejaa, anafanya nini? Anakata. Siyo kukopi, anakata kutoka laptopu anapesti kwenye eksteno ili apate nafasi, halafu anatuambia kwa kujiamini kabisa kwamba vitu vyake viko salama ameshaweka bakapu. Mkuu una nakala ngapi? Moja. Ni ile ile moja iliyokuwa kwenye laptopu, umehamisha mpunga wote kutoka ghala la kushoto kwenda ghala la kulia halafu unasema una akiba. Tena umeipeleka kwenye diski iliyotoka kwenye laptopu ya miaka nane, iliyodondoshwa mara kadhaa, na sasa inatembea kwenye begi na bajaji kila siku.

Wanaoumia zaidi ni wapiga picha wa harusi. Wikiendi moja send-off, wiki inayofuata harusi yenyewe, kadi za kamera zinafutwa ili zitumike tena, laptopu inafutwa ili ipate nafasi ya kuediti, kila kitu kiko kwenye eksteno moja na mteja bado hajachukua albamu. Ikianguka hiyo unamwambia nini bwana harusi? Na wenye maduka ni vile vile, TRA wanataka utunze kumbukumbu za biashara miaka mitano, sasa kama zote ziko kwenye diski moja ya yuzdi na hujawahi hata kuipima, mh.

Kupima ni rahisi, kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, unaifungua inakuonyesha rangi. Bluu sawa. Njano ina maana diski imeanza kupata sehemu mbovu au kuna sehemu inashindwa kuzisoma, hiyo itoe data leo leo usingoje mwisho wa mwezi. Sisi kila diski tunayotia kwenye kesi tunaipima kwanza na tunakuonyesha mwenyewe, na ikiwa njano hatukuuzii kesi hata ukilazimisha, tunakopi vilivyomo tunakushauri nyingine. Diski ya zamani yenye bluu haina shida kuwa nakala ya pili. Kuwa nakala pekee, hapana.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndo alieneza ule mpango wa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Wengine wanaona ni mambo ya makampuni makubwa. Lakini sisi wa hapa soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na Kariakoo likaungua Julai 2021, kwa hiyo laptopu na eksteno zikilala duka moja ni sawa na kuwa na kitu kimoja tu. Hata bila moto, mwizi akija anabeba begi lote na eksteno imo humo humo mfukoni mwa begi. Laptopu ikilala ofisini eksteno ilale nyumbani, Uyole huko au Iyunga au kwa mama mkwe, popote ila isiwe hapo.

Kuhusu kupandisha mtandaoni, kwa vitu vidogo fanya, Google wanakupa GB 15 bure na hizo zinatosha kabisa vyeti, mikataba, mahesabu ya Excel na picha chache za muhimu. Ila video za harusi GB 200 kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni karibu siku nne mchana na usiku bila kukatika, na bando lako ndo limekwenda. Ndo maana bado tunauza kesi.

Umeme. TANESCO wakikata katikati ya kukopi, laptopu ina betri haina neno, ila desktopu inazima na diski iliyofomatiwa exFAT (exFAT, NTFS na FAT32 ni aina za mpangilio wa mafaili kwenye diski) inaweza kuvurugika maana haina ile daftari ya ndani inayoisaidia kujirudisha sawa. Ukitumia Windows tu weka NTFS. Ukichanganya na Mac basi exFAT inabidi, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki. FAT32 ni ya redio na TV za zamani, faili la GB 4 na kuendelea haiingii hata uombe. Na kuanzia Novemba mvua zikianza na radi zake usiache eksteno imechomekwa usiku kucha kwenye desktopu, ukimaliza kukopi bonyeza ile ya kuitoa salama, chomoa, weka kabatini.

Wateja wa Makete na Kitulo wanatuuliza kama baridi na mwinuko vinaua diski. Diski nyingi za kuzunguka zimeruhusiwa kufanya kazi mpaka kama mita 3,048 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huko mko ndani ya mipaka, tatizo ni baridi ya Juni na Julai, diski ikitoka kwenye basi imepoa sana ukaichomeka papo hapo kwenye chumba cha moto unyevu wa hewa unageuka matone juu yake. Iache saa moja mbili kwanza.

Moja nyingine, zile "SSD ya 4TB" (SSD ni diski isiyozunguka) ndogo za elfu 40 zinazotembezwa barabarani. Ni flashi ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa, ikishajaa inaandika juu ya vya zamani na wewe unaona majina ya mafaili yapo ila hayafunguki. Ukiwa nayo ilete tuipime na H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, hiyo hatuchaji.

Mlioko Njombe, Makambako, Tunduma mnaotuma kwa basi: tumeni diski peke yake kama mnaweza kuitoa, msitume laptopu nzima, ifunge kwenye mfuko wake halafu nguo au sponji nene pande zote ndani ya boksi gumu, na mpe kondakta mkononi isiende kwenye buti. Andika namba yako ya simu juu ya boksi NA ndani. Ukija mwenyewe njoo na chaja, paswedi, na kama una diski nyingine ya kupokelea data njoo nayo, itakuokolea hela.