Mdogo wangu unayesema ni macho tu yamechoka

Mdogo wangu,

Nimekupigia mara nne tangu Jumapili, meseji unasoma alafu unaniachia tiki za bluu, basi nakuandikia hapa hapa, jina lako sitaji usiogope. Shangazi kanambia jicho la kushoto lina ukungu wiki ya pili sasa, vinyuzi vyeusi vinaelea, na umeenda duka la dawa umepewa matone ukaambiwa labda ni miwani. We unasema ni simu. Simu gani inachosha jicho moja?

Kabla hujaendelea kusoma, ziba jicho la kulia, lile lisilo na shida, kwa kiganja uangalie mistari ya vigae vya bafuni. Kama mistari inapinda, au katikati pana doa halionyeshi kitu, basi huenda tatizo liko nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, na matone ya dukani hayafiki huko.

Yalinipata mimi 2019. Nikaanza na miwani kama wewe, hela ikaenda, alafu sehemu moja, siitaji, wakanipa prednisoloni peke yake, hiyo ni steroidi, siku nne nikaona nafuu nikashangilia, ya sita nikaamka jicho limeziba kama kioo cha daladala siku ya mvua. Kumbe steroidi inatuliza uvimbe ila inashusha na kinga, ukiipewa bila dawa ya kumzuia mdudu mwenyewe unakuwa umempa uwanja.

Daktari wa macho ndo aligundua ninachoumwa. Matone ya kutanua mboni, nusu saa kwenye benchi, alafu kashika lenzi kwa vidole viwili mbele ya jicho langu na taa kali: angalia juu, angalia chini, angalia sikio langu la kulia. Akachora duara kwenye karatasi, akaweka kovu jeusi la zamani, na pembeni yake doa jeupe limevimba. "Huyu amekaa humu miaka, sasa ameamka." Toksoplasma, ndo jina la huyo kijidudu. Yaani ile kovu sikuwahi hata kujua ninayo.

Sasa shangazi asikimbilie kumtupa paka. Paka anatoa mayai ya hicho kijidudu kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa, wengi wanakipata kwenye udongo, mboga haijaoshwa vizuri, au ile mishikaki unayoipenda nje nyeusi ndani nyekundu. Na mtu anaweza kuwa nacho tangu tumboni kwa mama yake. Kipimo cha damu kikisoma umewahi kukutana nacho hakisemi ndo kinachokula jicho lako leo, wapo kibao wanacho na hawaumwi kitu, ndo maana lazima mtu aangalie ndani ya jicho. Watakupima na VVU na kaswende, usinune, kaswende nayo inaingia kwenye retina na tiba yake ni penisilini, njia nyingine kabisa.

Dawa yenyewe utacheka: Septrin. Hii hii. Mimi nilipewa vidonge viwili vya 480 asubuhi na viwili usiku kwa wiki sita, nilipiga hesabu ni vidonge 168, na baada ya siku tatu ndo wakaongeza prednisoloni, vidogo nane vya miligramu 5 baada ya chai, wakawa wanapunguza kidogo kidogo. Hiyo haikatwi ghafla. Ilininyima usingizi, uso ukawa kama andazi, njaa mpaka aibu. Usije ukajinunulia lakini, maana dozi wanapanga wao, na kama salfa, ambayo imo kwenye Septrin, inakutoa vipele sema mapema, ukiona vipele au vidonda mdomoni acha hiyo Septrin na urudi hospitali siku hiyo hiyo. Kuna wanaochomwa klindamaisini, antibiotiki nyingine, ndani ya jicho lenyewe, nilidhani wananitania, jamaa wa benchi la pili alishachomwa akasema ganzi ndo inauma kuliko sindano.

Vidonda vingine vya pembeni hupona vyenyewe. Cha katikati au karibu na mshipa wa fahamu wa jicho ndo hakisubiriwi, pakishakuwa kovu dawa hairudishi kitu. Wiki zangu tatu za kuzunguka ziko pale mpaka leo: nikiziba jicho la kulia nikasoma Kariakoo, naona Kari na oo. Linaweza kuamka tena pia, kwa hiyo vinyuzi vikizidi narudi siku hiyo hiyo.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko mlangoni kwako, tunaenda hospitali ya CCBRT pale Msasani. Beba kadi ya bima, miwani ya jua, na hicho kichupa cha matone wakione. Pikipiki iache nyumbani, wakishatanua mboni huoni vizuri kwa masaa. Na shangazi asikutie maji ya mwarobaini usiku huu.

Dada yako